Kabla hujanunua detekta, uliza udongo wako

Mimi ni fundi bomba, makazi yangu Tengeru, na detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, iliingia kwenye vifaa vyangu vya kazi kwa sababu ya vali zilizofukiwa. Nyumba kongwe za huku, hasa zile za mashamba ya kahawa, zina mabomba ya chuma yaliyopita mahali ambapo hakuna aliye hai anayekumbuka. Ukichimba kwa kubahatisha unamaliza bustani ya watu. Basi nikanunua mashine. Habari zikasambaa. Wakaja wenye viwanja wanaotafuta bikoni, wakaja wenye pete za ndoa zilizodondoka kwenye majani, na mwisho wakaja wale ambao mwenye mashine hii yeyote Tanzania hawakwepi: watafuta mali za Mjerumani, hazina zinazosemekana kufukiwa enzi za ukoloni.

Wote wakishaona kazi imekwenda vizuri huuliza jambo moja. "Fundi, na mimi nataka yangu. Nzuri ni ipi, na shilingi ngapi?" Siku hizi sitaji jina la mashine wala bei mpaka nijibiwe kwanza: unatafuta nini, na utakitafuta kwenye udongo gani? Wengine hudhani nawazungusha. Lakini nimeshaona mashine ya dola 900 ikishindwa kazi iliyofanywa na ya dola 250, na ile ya bei kubwa wala haikuwa mbovu.

Nianze na udongo, maana huku kwetu ndio wenye kauli.

Detekta nyingi zinazouzwa ni za aina ya VLF, yaani zinazotumia masafa ya chini. Ndani ya ile sahani ya mbele, koili, kuna nyaya zilizozungushwa mafungu mawili. Fungu moja linarusha uga wa sumaku ardhini, la pili linasikiliza. Metali ikiguswa na uga huo huzaa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo unarudisha uga wake kwa kuchelewa kidogo. Ule uchelewaji ndio mashine inausoma: chuma kina wake, shaba ina wake, dhahabu ina wake. Mpaka hapo ni raha tupu. Taabu ni kwamba udongo nao unajibu.

Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano, na Meru ililipuka mara ya mwisho, kidogo tu, mwaka 1910. Udongo tunaopandia migomba na kahawa umetokana na majivu na lava, na ndani yake mna chembe za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku. Huhitaji maabara kujua una kiasi gani. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, uiburute kwenye mchanga mweusi wa korongo lolote linaloshuka kutoka Meru. Utaitoa imeota ndevu. Geuza mfuko, ndevu zote zinabaki ndani yake na sumaku inabaki safi. Kila anayetaka nimshauri, namwambia kwanza afanye jaribio hilo pale anapokusudia kutafuta. Halina gharama, na linasema mengi kuliko picha za kwenye boksi.

Sumaku ikitoka na ndevu nene, ujue kile kina kilichoandikwa kwenye tangazo si chako. Tangazo likisema sarafu itasikika sentimita 25 chini, hicho ni kipimo cha udongo mpole, au pengine cha hewani tu, mtu akipitisha sarafu mbele ya koili juu ya meza. Nyuma ya nyumba yangu nilizika senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati, kwa vina mbalimbali, nikapitisha mashine kadhaa za kwangu na za kuazima. Zile ambazo usawazishaji wake, yaani namna ya kuipuuza sauti ya udongo, umepangwa kiwandani hazikufika hata nusu ya kina kilichotangazwa. Moja ilikuwa inalia kila ikivuka jiwe jeusi, kiasi kwamba ukiisikiliza kwa nusu saa unatamani kuirusha mtoni.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayomwambia mtu wa Arusha au Moshi ailipie ni uwezo wa kuisawazisha mashine na udongo. Kwenye mashine yenye uwezo huo, unatafuta mahali pasipo na metali, unabonyeza kitufe, unaipandisha na kuishusha koili karibu na ardhi mpaka sauti ya udongo inazimika. Kuanzia hapo inaupuuza udongo na kusikia kinachozidi. Nokta Simplex+, iliyotoka Uturuki mwaka 2019, inaweza kufanya hivyo, na bei yake ilikuwa kwenye dola 250 hadi 300. Garrett AT Pro inaweza. Minelab Equinox inaweza, tena inarusha masafa kadhaa kwa pamoja, jambo linaloisaidia kutofautisha udongo na metali. Garrett ACE 300, ambayo wengi huiulizia kwa sababu inajulikana, usawazishaji wake umepangwa kiwandani. Ni mashine nyepesi na rahisi kwa anayeanza, na kwenye uwanja wenye udongo mpole haina neno. Kibosho kwenye udongo mweusi ningechagua nyingine kwa hela hizo hizo.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi huwa hawaliamini mpaka walione. Kwenye udongo wetu, ukipunguza usikivu wa mashine unapata kina zaidi. Mtu akinunua anapandisha kila kitu mpaka mwisho, mashine inajaa kelele za udongo, na sauti ndogo ya pete inazama humo. Shusha usikivu mpaka mashine itulie, tembea polepole, koili iwe chini karibu na majani na isiinuke mwishoni mwa kila mfagio. Na koili ndogo, ya kama sentimita 15, mara nyingi inashinda ile kubwa ya sentimita 28, kwa sababu inatazama udongo kidogo kwa wakati mmoja. Wauzaji husifu koili kubwa kwa kina chake. Ni kweli, ila kwenye udongo usio na ndevu.

Nyaya za umeme nazo usizisahau. Chini ya laini kubwa, karibu na uzio wa umeme, hata ukiwa na simu mfukoni, mashine hupayuka ovyo. Baadhi zina kitufe cha kuhama masafa kidogo kukwepa kelele hizo, na kwa anayefanya kazi mjini, Njiro au Shanty Town, kitufe hicho kina thamani kuliko mwanga wa rangi kwenye kioo. Na viatu: buti lenye chuma puani litakupigia kengele kutwa nzima. Usione haya, hata Alexander Graham Bell aliwahi kukwama hivyo. Mwaka 1881 alileta kifaa chake kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, akakosa, na moja ya sababu zinazotajwa ni chuma cha kitanda alicholalia mgonjwa.

Sasa tuje kwenye unachotafuta, maana hapa ndipo watu hununua mashine ya kazi isiyo yao.

Kazi ya bikoni na mabomba ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayonilipa kila mwezi. Bikoni nyingi zina nondo katikati ya zege. Udongo ukishamwagwa juu wakati wa kusawazisha barabara, au jirani akajaza kifusi, inazama sentimita 20 au 30 na familia mbili zinaanza kununiana. Nondo ni kipande kikubwa cha chuma, mashine ya bei ya chini kabisa inaisikia. Sharti ni moja: iwe kwenye hali ya kusikia metali zote. Detekta za kutafutia sarafu na vito hupangwa kiwandani zikatae chuma, maana kwa mtafuta pete chuma ni takataka. Kijana mmoja wa Moshono alikuja kwangu akilalamika mashine yake mpya ni feki, amezunguka kiwanja kizima haijalia. Nikageuza kitufe kimoja, tukarudi kiwanjani, ikalia kabla hajamaliza kona ya kwanza. Anayetaka mashine ya bikoni tu asizidishe dola 150. Ila aelewe kwamba kuiona nondo si kupima mpaka. Bikoni ikiwa imehamishwa au imeng'olewa, hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni, na mimi nikifika hapo nakunja vifaa vyangu.

Kwenye mabomba kuna kikomo kimoja cha kumweleza mteja mapema: detekta haioni plastiki. Mabomba mengi yanayolazwa siku hizi ni ya plastiki. Nitapata vali ya shaba, nitapata mfuniko wa chuma, nitapata bomba la chuma la zamani, lakini la plastiki lililopita katikati yao nitalikisia tu kwa kuunganisha vituo.

Pete ni habari nyingine kabisa, na hapa nataka nikae kidogo.

Pete ya dhahabu ni kitu kidogo, na kwenye namba ambazo mashine huonyesha kwenye kioo kwa kila metali inakaa kwenye kitongoji kimoja na karatasi ya alumini ya sigara na kile kishikio cha kopo la soda. Hakuna mashine ya bei yoyote itakayokuambia kwa uhakika "hii ni pete, ile ni kishikio". Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Unachimba vyote. Na kwetu kuna balaa letu, visoda. Popote palipowahi kufanyika sherehe, pana visoda ardhini kama maharage. Kisoda ni bati la chuma lenye umbo la duara, na umbo hilo linaidanganya mashine mpaka inatoa namba ya juu kama ya sarafu. Dada mmoja wa Njiro alipoteza pete ya uchumba kwenye majani baada ya sendoff ya mdogo wake. Nilipofika nikamwambia, "Dada, kabla ya pete yako tutaokota baa nzima." Akacheka. Tulipata lundo la visoda, vishikio, pini ya nywele, na funguo ambayo mpaka leo haijulikani ya mlango gani. Pete ilikuwa karibu na mguu wa hema, mahali alipokuwa anapiga picha.

Ukishazoea, kisoda kina tabia yake. Ukipitisha koili kwa upande wa pili, kona ya tisini, sauti yake hukatikakatika na namba huruka. Pete hubaki na sauti nzima kutoka pande zote. Ukisogeza ncha ya koili taratibu juu yake, chuma hukwaruza. Si kanuni ya kuapia, lakini inapunguza mashimo. Ili masikio yako yasikie tofauti hiyo unahitaji mashine yenye sauti zaidi ya moja, hedifoni, na koili ndogo inayoweza kuitenga pete iliyolala kati ya visoda viwili. Namba za kwenye kioo ni nyongeza. Ningeambiwa nichague kati ya mashine yenye kioo kizuri na mashine inayoweza kubadilishwa koili, nisingefikiria mara mbili.

Kwa mtafuta sarafu kuna angalizo la hapa kwetu. Sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Ilete karibu na sumaku inanasa. Mashine iliyowekwa ikatae chuma inaweza kuiruka kana kwamba ni msumari. Za zamani ni tofauti. Senti za mkoloni zenye tundu ni za shaba na zinalia vizuri, na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ile ya kabla ya 1948, robo yake ni madini ya fedha.

Pete zinazopotelea majini ni nyingi kuliko unavyodhani. Maji ni baridi vidole vinasinyaa, au mtu kapaka mafuta, pete inateleza. Hata chemchemi ya Chemka, ambako maji ni vuguvugu, naitwa. Hapa soma maelezo vizuri: "koili haipitishi maji" si sawa na "mashine haipitishi maji". Mashine nyingi za bei ya kati unaweza kuizamisha koili tu. Kile kiboksi cha juu kikilowa, umeaga. Simplex+ na AT Pro zimetengenezwa zizame mpaka mita 3. Chemka na ziwa Duluti ni maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo masafa mamoja yanatosha. Baharini ni tofauti. Chumvi inapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja kwenye mchanga uliolowa hubwabwaja. Anayepanga kwenda Tanga au Bagamoyo na mashine yake aangalie zile za masafa mengi kwa pamoja. Tope lenye magadi, kama la kandokando ya Natron, lina tabia hiyo hiyo.

Dhahabu sasa. Wengi wanaonifuata na fungu kubwa la hela wanataka dhahabu, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba dhahabu haiko hapa. Iko Geita, Chunya, Singida, Handeni. Udongo wa huko mwingi ni mwekundu wenye chuma, na punje zenyewe ni ndogo. Mashine ya kutafutia sarafu, yenye kilohezi 7 au 8, huipita punje ndogo bila habari. Punje ndogo inataka masafa ya juu: Gold Monster 1000 ya Minelab inatumia kilohezi 45, Fisher Gold Bug 2 inatumia 71. Hizo zinasikia vitu vidogo mno, ila si vya kina kirefu. Anayetaka kina kwenye udongo mkali anahamia familia nyingine, PI, mashine za mapigo. Hizi hupiga pigo la umeme, hunyamaza, kisha husikiliza kinachobaki kikififia. Udongo wa magnetaiti huzisumbua kidogo kuliko VLF. Gharama yake ni kwamba kutofautisha chuma na dhahabu kwake ni kwa shida, kwa hiyo kila msumari utauchimba, tena kwa kina kirefu. Na bei: GPX 6000, mashine ya PI ya Minelab, ilipotoka 2021 ilikuwa karibu dola 6,000. Hiyo ni hela ya kununulia pikipiki kadhaa. Kwa mtu mwenye PML, leseni ya mchimbaji mdogo, na eneo linalojulikana kutoa punje, hesabu inaweza kukaa. Kwa kijana wa Pasua anayetaka "kujaribu bahati Chunya mwezi mmoja", namshauri aende kwanza bila mashine, akae na wenyeji, aone wanachotumia na wanachopata.

Vijana wa Mirerani nao huja. Tanzanaiti si metali. Iligunduliwa 1967, miaka yote hiyo haijawahi kulia kwenye detekta na haitalia. Kinachoweza kulia kule ni grafiti, ambayo inapitisha umeme na hukaa kwenye miamba hiyo hiyo, na sauti yake imewahi kumpa mtu usingizi wa raha usiku mmoja.

Halafu kuna mali za Mjerumani. Moshi hasa. Reli ya Usambara ilifika hapo 1911, vita ikapita Machi 1916, mapigano ya Kahe yakapiganwa, na tangu hapo kila mwembe wenye alama umekuwa ramani. Sikatai kwamba vitu vipo ardhini. Heller, sarafu za shaba za Mjerumani, zipo, vifungo vya sare vipo, maganda ya risasi yapo. Hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ni kweli ilichapwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini ninaowaona wakipoteza hela hawapotezi kwenye detekta. Wanapotezea kwenye kile kifaa chenye antena mbili, au umbo la bastola, kinachodaiwa kunusa dhahabu umbali wa kilomita moja na kina cha mita 20.

Mzee mmoja wa Old Moshi aliniita nikapime eneo lake baada ya wataalamu wa namna hiyo kupita. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu. Wenzako wamesema kuna boksi tatu hapo chini ya mparachichi." Walikuwa wameshachukua hela ya awamu ya kwanza na walitaka ya pili, ya "kuzima ulinzi". Nilipita na mashine yangu mbele yake, nikamweleza kila sauti ni nini, tukachimba bawaba ya mlango na kipande cha jembe. Nikamwambia ukweli: mashine ya mkononi yenye koili ya kawaida inasikia sarafu kwa sentimita chache na sanduku la chuma kwa kama mita moja. Hakuna kinachosoma mita 20. Vile vifaa vya antena havina sayansi ndani yake. Ndugu yao mmoja, ADE 651, aliuzwa Iraki kama kifaa cha kunasa mabomu, na muuzaji wake, James McCormick, alihukumiwa miaka 10 jela Uingereza mwaka 2013. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo McCormick alirudisha hela za watu.

Kwenye ardhi ya namna hii kuna sheria na kuna adabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kuchimba mabaki ya kale bila kibali, na ndani ya hifadhi usithubutu hata kuishusha mashine kwenye gari. Ukikuta risasi nzima au kitu kinachofanana na bomu, acha hapo hapo, kaite polisi. Adabu ni ya kihamba. Kwa Wachaga kihamba ni shamba na ni mahali walipolala wazee. Usiingie na mashine kwa ruhusa ya kijana aliyekuja likizo kutoka Dar. Kaa na mkubwa wa ukoo, akuonyeshe pa kutogusa. Nimewahi kukataa kazi nono kwa sababu ndugu hawakuwa wamekubaliana, na sijutii.

Tumalizie na hela, kwa sababu najua ulikuwa unaisubiri. Mwenye milioni moja asiimalize yote kwenye mashine. Pinpointa, kile kijiti kidogo cha kuchokonolea ndani ya shimo, kinakuokolea muda kuliko kupanda daraja moja la mashine. Bila hicho unachambua udongo kiganja kwa kiganja. Ongeza hedifoni, jembe dogo la mkono lenye ncha, na betri. Mashine zinazotumia betri ndogo za kawaida zina faida vijijini, maana duka lolote linazo. Za kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu kama una umeme au pawabenki. Ukiagiza nje, kumbuka bei ya kwenye mtandao si bei ya Arusha. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 18, na vinakokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri. Jumlisha kabla hujamwambia mkeo.

Feki zipo, na zinalenga huku huku. Mwaka 2015 kampuni ya Codan ya Adelaide, yenye Minelab, ilieleza hadharani kwamba michoro ya mashine zake iliibwa kwa udukuzi na nakala zikamwagwa kwenye masoko ya Afrika. Kwa hiyo ukiona GPX kwa bei ya Simplex, usijipongeze. Tafuta namba ya mashine, ithibitishe kwa kampuni kabla ya kulipa. Mashine iliyokwisha kutumika ni jambo jema kama ni halisi, na mimi ya pili niliinunua hivyo. Nilibeba pete yangu, msumari, kisoda na ile sumaku ya spika, nikamwomba muuzaji tutoke nje kwenye udongo. Nikaisawazisha, nikautikisa waya wa koili pale unapoingia kwenye kiboksi kuona kama inapayuka, nikasikiliza sauti ya kila kitu. Kwenye meza ya dukani mashine zote ni nzuri.

Mwenyewe nimetenga hela ya koili ndogo zaidi. Kuna mama wa Sakina amepoteza hereni nyuma ya ukumbi wa sherehe, na nilipopita na koili yangu ya sasa, visoda vilikuwa vimelaliana kiasi kwamba mashine haikunyamaza hata hatua moja. Nimemwomba anivumilie mpaka mzigo ufike.